Bill Withers: fundi wa vyoo vya ndege aliyeimba Kinshasa, kisha akauacha muziki

Kila mara tunapopiga wimbo « Ain't No Sunshine » jioni, kuna mtu anatuma ujumbe kuuliza: « Huyu ni nani? » Sauti wanaijua tangu utoto. Wameisikia ku radio ya baba, ndani ya taxi, ku arusi. Lakini jina la mwenye wimbo halijulikani.

Anaitwa Bill Withers. Aliimba rhythm and blues, ule muziki wa Waamerika weusi uliotoka kanisani na ku blues, na watu wengine wanauita soul. Alianza akiwa na miaka zaidi ya 30, akaacha mbele ya kufika 50. Katikati alipita kwetu Congo. Na hata baada ya kuacha kuimba, nyimbo zake ziliendelea kumlisha. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo tunataka kueleza vizuri leo, juu inagusa pia wanamuziki wetu wa hapa.

Mtoto wa kijiji cha makaa

Bill Withers alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 huko Slab Fork, kijiji kidogo cha wachimbaji wa makaa ya mawe, jimbo la West Virginia, inchi ya Marekani. Alikuwa wa mwisho katika watoto sita. Baba yake alifanya kazi ku shimo la makaa. Watu wa Kamituga au Walikale wanajua maisha ya namna hiyo: mgodi ndio unalisha kila mtu, na mgodi ukilala, kila mtu analala na njaa.

Wazazi walitengana angali mdogo, akakulia Beckley, mji wa karibu, ku ukoo wa mama yake. Baba alikufa Bill akiwa na miaka 13. Mtu aliyemshika sana ni nyanya yake, Lula. Miaka mingi baadaye alimtungia wimbo, « Grandma's Hands », juu ya mikono ya yule mama mzee.

Tena alikuwa na kigugumizi. Neno linakwama mdomoni, wengine wanacheka, yeye ananyamaza. Alisema mwenyewe kwamba jambo hilo lilimsumbua mpaka karibu miaka 28. Mtoto kama huyo hakuna anayemdhania kuwa mwimbaji.

Alipomaliza utoto aliingia jeshi la majini, akakaa huko miaka kenda. Hakuwa nyota wa jeshi wala mwanamuziki wa jeshi. Alijifunza ufundi. Alipotoka, ufundi huo ndio ulimpa mkate.

Dola 3 kwa saa

Mwaka wa 1967 alihamia Los Angeles. Alipata kazi ku kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege, zile ndege kubwa za Boeing 747. Mshahara ulikuwa kama dola 3 kwa saa.

Alisimulia kwamba siku moja alikuwa ndani ya klabu ambako mwimbaji Lou Rawls alipaswa kuimba. Rawls alichelewa. Msimamizi wa klabu akakasirika: mtu ninamlipa dola 2000 kwa juma na hawezi kufika kwa saa! Withers akasikia. Akafanya hesabu yake. Kisha akanunua gita ya bei ndogo ku duka la vitu vya rehani, akaanza kujifundisha kidogo kidogo na kutunga.

Feza ya kurekodi majaribio alitoa ku mshahara wake. Kanda hizo zilifika kwa Clarence Avant, mwenye kampuni ndogo ya muziki iliyoitwa Sussex. Avant akamkubali, na Booker T. Jones, mpiga ogani mashuhuri, akasimamia kazi ya studio. Mwaka wa 1971 albamu ya kwanza ikatoka: « Just As I Am ». Tazama picha ya juu yake: Withers amesimama ku kiwanda, mkononi ana sanduku lake la chakula cha saa sita. Hakuna koti la dhahabu, hakuna miwani ya jua. Ilipigwa wakati wa mapumziko ya kazi.

Wimbo « Ain't No Sunshine » haukupewa heshima mwanzoni. Uliwekwa upande wa pili wa diski ndogo, ule upande watu hawageuzi. Watangazaji wa redio ndio waligeuza. Kuna mahali ndani ya wimbo ambapo anarudia maneno mawili tu, mara 26 mfululizo. Alitaka kuandika maneno mengine pale, lakini wanamuziki wenzake wakamwambia: acha hivyo hivyo. Akaacha. Wimbo ukafika nafasi ya 3 Marekani, ukapata zawadi ya Grammy kama wimbo bora wa rhythm and blues.

Hata vile, hakukimbia kuacha kazi. Aliona kwamba muziki ni kitu cha kupita, leo uko juu, kesho uko chini. Kampuni ya muziki ilimpa kiti cha choo cha rangi ya dhahabu, kwa kumchekesha na kumkumbusha alikotoka.

Mwaka uliofuata, 1972, alitoa « Lean on Me ». Jina lake ni kama kumwambia mwenzako: niegemee. Alieleza kwamba aliutunga akikumbuka watu wa Slab Fork, jinsi jirani alivyomsaidia jirani bila kuuliza sana. Ulishika nafasi ya 1 Marekani kwa majuma matatu. Hapa kwetu, familia ambazo zimepokea wakimbizi ndani ya nyumba ya vyumba viwili wanaelewa wimbo huo hata bila kujua Kiingereza.

Septemba 1974, Kinshasa

Wazee wetu wanakumbuka mwaka wa 1974 kwa ngumi: Muhammad Ali na George Foreman, na uwanja mzima ukipiga kelele « Ali boma ye ». Wengi wamesahau kwamba mbele ya ngumi kulikuwa muziki.

Tamasha liliitwa Zaïre 74. Lilichukua siku tatu, tarehe 22 mpaka 24 Septemba, ku uwanja wa 20 Mai, ule unaoitwa leo Tata Raphaël. Lilipangwa kwenda pamoja na ngumi, lakini Foreman aliumia juu ya jicho wakati wa mazoezi, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki walikuwa tayari, tamasha likaendelea.

Kutoka ngambo walikuja James Brown, B.B. King, Celia Cruz, The Spinners, Miriam Makeba. Kwa upande wetu walikuwepo Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini. Na Bill Withers alikuwa kati yao.

Filamu « Soul Power », iliyotoka mwaka wa 2008, inaonyesha zile siku. James Brown anaruka, anatoka jasho, anaanguka, anasimama. Withers yeye ameketi na gita yake, anaimba wimbo wa polepole wa mtu aliyeachwa. Katika tamasha la kelele kama lile, ilihitaji roho ngumu kuimba kwa sauti ya chini. Mtu aliyekuwa na kigugumizi, mbele ya watu wa Kinshasa wasiojua Kiingereza, hakuongeza kitu chochote.

Kwa nini aliacha?

Wakati ule tayari alikuwa ku ugomvi na kampuni yake, Sussex, juu ya malipo. Alisimulia kwamba kwa hasira alifuta albamu nzima aliyokuwa amekwisha kurekodi. Kisha Sussex ikaanguka mwaka wa 1975, yeye akahamia kampuni kubwa, Columbia.

Huko alitoa « Lovely Day » mwaka wa 1977, ule wimbo ambapo mwishoni anashika sauti moja kwa sekunde 18 bila kupumua. Jaribu mwenyewe nyumbani, utaona. Lakini wakubwa wa Columbia walianza kumfundisha namna ya kuimba. Walimshauri arudie wimbo wa Elvis Presley. Alileta nyimbo zake, zikakataliwa. Toka 1978 mpaka 1985 hakutoa albamu hata moja. Wimbo wake mkubwa wa wakati ule, « Just the Two of Us », alifanya na mpiga saksofoni Grover Washington Jr., ku kampuni ingine. Ulifika nafasi ya 2, ukamletea Grammy ya pili.

Mwaka wa 1985 alitoa albamu moja ya mwisho. Kisha akarudi nyumbani kwa mke wake Marcia na watoto wao wawili, na hakutoa albamu ingine tena mpaka kufa.

Watu wengi walimhurumia. Walidhani amefilisika, ao amegonjwa. Kumbe hapana.

Wimbo una wenyewe wawili

Hapa tueleze polepole. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Mali ya kwanza ni utunzi: maneno na sauti, yaani kile kilichotoka kichwani mwa mtunzi. Mali ya pili ni ile rekodi yenyewe, iliyofanywa studio siku fulani, na mara nyingi ni ya kampuni iliyolipa studio.

Mtu mwingine akiimba wimbo wako, rekodi inakuwa yake, lakini utunzi unabaki wako, na sehemu ya feza inarudi kwako. Tena Marekani, redio za kawaida zinapopiga wimbo zinalipa mtunzi. Mwimbaji ambaye hakutunga hapati kitu ku redio hizo.

Withers alitunga nyimbo zake mwenyewe. Michael Jackson aliimba « Ain't No Sunshine » angali mtoto, mwaka wa 1972. Kundi Club Nouveau lilirudia « Lean on Me », nayo ikafika tena nafasi ya 1 mwaka wa 1987. Withers alikuwa nyumbani, na Grammy ya tatu ikamfuata hapo hapo, kama mtunzi. Mwaka wa 1996 Blackstreet walichukua kipande cha « Grandma's Hands » kujenga wimbo wao « No Diggity », vijana dunia nzima wakacheza. Marcia ndiye alisimamia kampuni za familia zilizoshika haki hizo. Ndiyo maana Bill aliweza kukataa.

Mwaka wa 2015 waliingiza jina lake katika jumba la heshima la Rock and Roll, na Stevie Wonder ndiye alimkaribisha. Alikufa Los Angeles tarehe 30 Machi 2020, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 81. Yalikuwa majuma ya kwanza ya Covid, na watu waliofungiwa nyumbani walikuwa tayari wanaimba « Lean on Me » kwa kutia moyo wauguzi.

Na kwetu?

Hapa mashariki, kijana anatunga wimbo, anautia ku kadi memori, kesho uko ndani ya simu za mji mzima. Anafurahi, na ni haki yake. Lakini akiulizwa karatasi gani inaonyesha kwamba wimbo ni wake, hana. Congo ina sheria ya haki za watunzi, na ina shirika la kuzisimamia, SOCODA. Wanamuziki wengi wanalalamika kwamba feza haifiki, na malalamiko hayo hatuwezi kuyafunika. Lakini mtu asiyeandikishwa hana hata pa kuanzia kulalamika.

Kwa hiyo, ndugu mwanamuziki, mambo madogo: andika maneno ya wimbo wako ku daftari, tia tarehe na majina ya wote waliotunga pamoja nawe. Mukiwa wawili, kubalianeni kila mmoja ana sehemu gani mbele ya wimbo kujulikana, si nyuma. Na mtu akikuletea kontra, usitie sahihi siku ile ile. Ipeleke nyumbani, tafuta mtu wa kukusomea, uliza neno hili: utunzi unabaki kwa nani?

Jioni ya leo, kisha habari, tutapiga « Grandma's Hands ». Ukiusikia, hautahitaji tena kutuma ujumbe kuuliza ni nani.