Safari ya Kuzunguka Ziwa

Tazameni ramani ya Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki mtaona Mbamba Bay, katika Mkoa wa Ruvuma. Upande wa magharibi, karibu kuelekeana nayo, iko Nkhata Bay katika nchi ya Malawi. Basi mtu aweza kudhani ya kuwa jamaa watokao Nkhata Bay, baba, mama na watoto, wakiwa na motakaa iliyojaa vitu walivyochangiwa kwa ajili ya watoto wa ng'ambo, watafika siku ile ile. Sivyo. Njia ya motakaa ni kama kilometa 1,000.

Sababu yake ni milima. Kaskazini-mashariki Milima ya Livingstone huteremka wima mpaka majini, isiache nafasi ya barabara kuu. Kwa hiyo wasafiri hupita Karonga, huvuka Mto Songwe ulio mpaka wa nchi hizi mbili, hupanda Tukuyu penye migomba na chai, hufika Uyole karibu na Mbeya, kisha Makambako, Njombe, Songea na Mbinga. Zamani wamisheni walitumia maji. Meli yao, Chauncy Maples, iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani mwaka 1901; ikachukua waganga na walimu kutoka kituo hata kituo.

Mpakani kuna forodha. Zawadi nayo ni bidhaa machoni pa sheria, na msamaha wa ushuru huombwa kabla ya safari, kwa barua na orodha ya vitu vyote. Asiyefanya hivyo huenda akalala mpakani pamoja na mizigo yake. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa haziruhusiwi kabisa.

Lakini shida kubwa ni kuchagua. Vitabu vya shule za Malawi havifai huku, kwa maana shule za msingi za Serikali ya Tanzania hufundisha kwa Kiswahili. (Wanyasa wa pwani husikilizana na jirani zao wa ng'ambo kwa lugha yao, bali mtihani hauulizwi kwa lugha hiyo.) Afadhali fedha zichukuliwe, na vitabu na madaftari yanunuliwe Songea au Mbinga.

Tena, Mbinga si pwani. Katika milima ya Wamatengo, walimao mashimo ya ngoro ili mvua isichukue udongo, baridi ni kali, na mtoto hufurahia blanketi. Kutoka Mbinga barabara huteremka kilometa 67 hivi mpaka Mbamba Bay. Kabla ya lami, iliyotandikwa baada ya mwaka 2018, magari yalikwama sana wakati wa masika. Huko chini, mita 475 hivi juu ya bahari, kuna joto na mbu, na blanketi lile lile hukaa sandukuni. Huko hutakiwa vyandarua.

Hata hivyo chandarua kikigawiwa ovyo huweza kushonwa kuwa wavu wa kuvulia dagaa. Matundu yake madogo hukamata hata samaki wachanga, na mwaka ujao samaki hupungua. Afanyaye hivyo si mwovu. Ana watoto wanaotaka kitoweo leo. Kwa hiyo wasafiri wenye busara hupeleka vyandarua kwa mganga wa zahanati, ajuaye ni nyumba zipi zenye watoto wachanga na wanawake wajawazito, naye huviandika daftarini kimoja kimoja kabla ya kuvitoa.