Mila za Safari ya Meli Miongoni mwa Watu wa Mwanjelwa

Wageni wanaoandika kuhusu Nyanda za Juu Kusini huwaona wakazi wake kuwa watu wa milima, migomba na mashamba ya viazi, na wanapokutana nao ndani ya meli ya Ziwa Nyasa huandika habari za msongamano, mizigo iliyozagaa na abiria waliolala chini, kana kwamba safari hiyo haina mpango wowote. Maelezo ya namna hiyo yana kasoro kubwa, kwa kuwa kile kinachodhaniwa kuwa fujo ni utaratibu uliopokezanwa kwa vizazi, wenye kanuni zake za kufunga mizigo, kuchagua mahali pa kukaa, kula na kutaniana, na wenye walimu wake, yaani wale wanaoitwa wazoefu, ambao aghalabu ni wafanyabiashara waliozeekea katika njia ya kutoka Mwanjelwa kwenda Mbamba Bay.

Mwanjelwa ni eneo la soko katika jiji la Mbeya, mahali ambapo Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wakinga, Wanyiha na Wabena wamechanganyika kiasi kwamba mila zinazoelezwa hapa haziwezi kuhesabiwa kuwa mali ya kabila moja. Ni mila za soko. Mfanyabiashara aliyetaka kupeleka mitumba, sabuni na chumvi kwenye vijiji vya ziwani, na kurudi na dagaa, alishuka kutoka kwenye baridi ya mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, akapita Tukuyu, akafika Kyela, na kupanda meli katika bandari ya Itungi, kwenye ziwa lililo chini ya mita 500. Kutoka hapo meli ilifuata ufuko wa mashariki, chini ya Milima ya Livingstone inayoinuka ghafla kutoka majini, ikipita Lumbila, Lupingu, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay, safari iliyochukua takriban mchana na usiku wake. Kwa miaka mingi meli za MV Songea na MV Iringa ndizo zilizokuwa barabara ya vijiji hivyo, kwa sababu mlima haukuacha nafasi ya kupitisha barabara nyingine.

Agizo la kwanza la wazoefu ni kwamba msafiri alale Kyela usiku wa kuamkia safari, hata kama ana hakika na basi la alfajiri kutoka stendi ya Kabwe jijini Mbeya. Agizo hili limewahi kuchekwa kuwa ni woga wa watu wa shamba, lakini wasafiri wazoefu wa meli kubwa za anasa duniani, zikiwamo zile zinazobeba abiria zaidi ya 7,000 kwa mara moja, huambiana jambo lilelile, kwamba mtu afike bandarini siku moja kabla, na kwamba akishuka kutembea asiihesabu saa ya kurudi kwa kubahatisha. Mwezi Machi mwaka 2024 abiria wanane wa meli ya kitalii waliachwa katika kisiwa cha São Tomé baada ya kuchelewa kurudi kutoka matembezini, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima kama jambo la ajabu. Kwa mzee yeyote wa Mwanjelwa hapakuwa na ajabu ndani yake, maana katika ziwa ambalo meli ilipita kwa nadra, aliyeachwa Lupingu alijua kwamba ameachwa kwa siku nyingi, na hapo ndipo alipotambua thamani ya kuwa na ndugu, rafiki au mtani katika kila kituo.

Agizo la pili linahusu upepo. Kati ya Mei na Agosti ziwa hili huvumiwa na mwera, yaani upepo wa kusini unaokuja kwa siku kadhaa mfululizo na kusukuma mawimbi makubwa kuelekea upande wa Kyela, na wazoefu humshauri mwenye watoto wadogo au mwenye shehena isiyostahimili maji aahirishe safari mpaka utulie. Hofu hiyo ina historia. Mwezi Julai mwaka 1946 meli ya MV Vipya ilizama upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, na watu 145 wakafa. Kizazi cha karibuni kimeongezewa misiba mingine kutoka Ziwa Viktoria, ikiwamo ya MV Bukoba ya Mei 1996, iliyoua mamia ya watu, na ya MV Nyerere ya Septemba 2018. Kwa hiyo mzoefu anapopanda hutazama kwanza mahali yalipo makoti ya kuokolea, kisha huangalia kama meli imeinama upande mmoja, na akiona mizigo inaendelea kupakiwa baada ya maji kufika mahali asipopapenda hushuka bila kudai nauli yake. Kumwita mtu wa namna hiyo mshirikina, kama inavyotokea, ni kumkosea haki, kwa maana anachokifanya ni ukaguzi.

Kuhusu mahali pa kukaa, mafundisho ni kwamba katikati ya meli panatikisika kidogo kuliko omo, yaani mbele, na kuliko tezi, yaani nyuma, ambako moshi na ngurumo za injini huongeza kichefuchefu. Mkeka hutandikwa upande wa mlima wakati wa kwenda, ili mwili wa meli uzuie upepo unaotoka ziwani, na miguu huelekezwa penye njia ya kupita watu, kichwa kikikaa penye mizigo. Utaratibu huo mdogo, ambao mgeni huuona kuwa ni watu kujilaza ovyo, ndio uliowezesha mamia ya abiria kulala usiku mzima bila kukanyagana na bila kuibiwa.

Lakini mkeka una maana kubwa kuliko kulalia. Mtu anayetandika karibu na mwingine humsalimu kwanza, na salamu hiyo hufuata daraja la umri. Kijana wa Kinyakyusa humwambia mzee "mugonile", yaani mmelala salama, kwa wingi wa heshima, wala hamwambii "ugonile", ambayo ni ya rika lake. Mbena husema "kamwene". Baada ya salamu huulizana majina, na kwa kuwa majina mengi ya koo za Kinyakyusa huanza kwa Mwa-, haipiti muda kabla watu wawili wasiofahamiana hawajagundua kwamba bibi wa mmoja alizaliwa katika kijiji cha mwingine. Hapo ujirani wa mkeka unakuwa umefungwa. Jirani wa mkeka huachiwa mzigo mtu anapokwenda msalani, huachiwa mtoto, huachiwa hata fedha, na akishuka kabla ya mwenzake humkabidhi kwa jirani mpya kwa maneno yanayosikika na wote walio karibu, ili pasiwepo atakayesema baadaye kwamba hakujua. Ni vigumu kupata katika maisha ya sasa ya Mbeya dhamana nyingine inayotolewa kwa haraka kiasi hicho kati ya watu wasiojuana, na inayotunzwa kwa uaminifu kiasi hicho bila karatasi wala polisi.

Kuulizana huko kulikuwa na kazi nyingine. Katika mila za Kinyakyusa, ambazo Godfrey na Monica Wilson walizichunguza katika miaka ya 1930, mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakupaswa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, wala kutaja jina lake, na njiani alipaswa kumpisha kwa kuacha njia. Ndani ya meli hakuna pa kuachia njia. Kwa hiyo mwanamke aliyeolewa alihitaji kujua mapema nani yumo, naye mzee mwenye adabu alihitaji kujua vivyo hivyo, ili mmoja akae tezini na mwingine omoni hadi mwisho wa safari. Leo vijana wengi huuona mwiko huo kuwa mzigo, na pengine wana sababu. Hata hivyo adabu ya mkubwa kumpisha mdogo, kwa kuhama yeye mwenyewe ili mkamwana asihangaike, ilikuwa heshima ya pande mbili ambayo wasimulizi wa mila hizo huisahau, wakabaki kumhurumia mwanamke peke yake.

Chakula ndicho kiini cha safari. Wazoefu hupika usiku, hawapiki asubuhi, kwa sababu chakula kilichofungwa kikiwa cha moto hutoa jasho na kuchacha katika joto la Kyela. Maharage hayabebwi, na maziwa ya mgando hayanywewi siku hiyo, hata na Mnyakyusa ambaye hawezi kupitisha siku bila hayo. Kinachobebwa ni viazi vya kuchemsha, magimbi, ndizi za kuchoma, mayai, karanga, na kipande cha tangawizi mbichi cha kutafuna pale tumbo linapoanza kugeuka. Na anayejisikia vibaya hushauriwa ale kidogo kilicho kikavu badala ya kukaa na njaa, kisha atazame mlima na kuacha kutazama maji. Chakula hicho hufunikwa vizuri kwa sababu ya kungu, wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa mamilioni hadi huonekana kwa mbali kama moshi, ambao watu wa Kyela huwakamata na kuwafanya kitoweo.

Hata hivyo hakuna anayefungua kifurushi chake na kula peke yake. Chakula huwekwa katikati ya mikeka, na anayekifungua hutangulia kuonja mbele ya wenzake, ili wasile kwa shaka, kisha humkaribisha wa kulia na wa kushoto, ambao nao hufungua vyao. Hapa ndipo walipopotoka wale walioandika kwamba abiria wa ziwani hubeba chakula kingi kwa uchoyo, au kwa kutokuamini wapishi wa meli. Ukubwa wa kifurushi ulipimwa kwa idadi ya majirani ambao msafiri alikuwa bado hajawajua. Mtu aliyefunga chakula cha kumtosha yeye tu alihesabiwa kuwa hajafundwa, na mara nyingi aliyeambiwa habari hiyo alikuwa mama yake.

Mlo ulifungua utani, yaani ile ruhusa ya jamii mbili kutukanana na kunyang'anyana vitu vidogo bila kukasirika. Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, leo ni watani, na vita hivyo husimuliwa upya melini, kila upande ukidai kuwa ndio uliokimbiza mwenzake, huku Mhehe akimpokonya Mngoni kipande cha samaki kama fidia ya mababu. Wazoefu humwonya mgeni asiingilie ugomvi wa watani akidhani ni wa kweli.

Katika vituo visivyo na gati, meli ilitia nanga mbali, nayo mitumbwi ikaja kuwapokea watu. Ushauri ni kwamba mtu ashuke kabla ya mzigo wake, viatu vikiwa mkononi, na apatane nauli ya mtumbwi akiwa bado juu. Karibu na Matema msafiri wa kurudi hununua vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi kwenye gulio, kwa kuwa kurudi Mwanjelwa mikono mitupu ni aibu. Asiyeweza chungu huleta dagaa, na mwenye uwezo huleta mbasa, samaki mkubwa wa ziwa hili anayesifiwa kuliko wote. Ushauri wa kubeba koti la usiku, chandarua na dawa unajulikana. Habari za mizimu ya ziwani, ambazo wageni huziulizia kwanza, hazina nafasi kubwa katika mila hizi.

Utaratibu huu unakatika. Moto ulioteketeza soko la Mwanjelwa mwaka 2006 uliwatawanya wafanyabiashara, na pamoja nao yakatawanyika mabaraza ambako vijana waliagwa na kuelekezwa kabla ya safari. MV Songea na MV Iringa zimechakaa na kuacha kazi. MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo na kuzinduliwa mwaka 2021, ina viti, na katika kiti mtu humgeuzia jirani bega, akaangalia simu yake. Aidha, barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imemwezesha mtu wa Mbeya kuzunguka kwa basi kupitia Makambako, Njombe na Songea, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu mama mjamzito wa Mbamba Bay kwa kuifurahia barabara hiyo. Hasara iliyopo ni kwamba ndani ya basi hakuna mkeka, kila abiria hununua chakula chake mgahawani kwa dakika chache anazopewa, na anayeshuka njiani hamkabidhi mtu kwa mtu.

Yanasemwa mengi sasa kuhusu utalii wa meli katika Ziwa Nyasa, na mipango inayosikika huzungumzia vyumba, vinywaji na picha za machweo. Kama meli ya utalii itakuja, wanaofaa kuulizwa kwanza namna ya kuipanga ni wanawake wauza dagaa wa Mwanjelwa, wanaojua mwezi gani mwera hutulia, upande gani wa staha hulalika, na ni katika vituo vipi mtumbwi hupinduka mgeni anaposimama. Nao bado wapo sokoni, na wengi wao wana umri wa kuitwa bibi.