Chakula cha Moto Msituni

Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha na jua la Januari na Februari likianza kukausha majani, watu wakaao karibu na milima ya Kenya hutazama juu kwa wasiwasi. Machi 2012 moto ulienea katika sehemu za juu za Mlima Kenya. Februari 2019 mlima huo uliungua tena, na Februari 2022 ikawa zamu ya milima ya Aberdare. Kila mara watu huuliza ni nani aliyewasha moto. Swali hilo ni la haki. Lakini liko jingine lenye maana zaidi: Je, moto huo ulikula nini hata ukapata nguvu kiasi kile?

Moto hauwezi kuishi pasipo vitu vitatu, yaani joto, hewa na kitu cha kuungua. Jua na upepo hapana awezaye kuvizuia. Kiberiti cha mpita njia, au kijinga cha mrina asali, chaweza kupita bila kuonekana na askari wa misitu. Lakini kitu cha kuungua huonekana miezi mingi kabla ya moto kutokea, na mwanadamu aweza kukipunguza.

Chakula cha moto si cha namna moja. Nyasi na vijiti vyembamba hukauka kwa saa chache tu jua likiwaka. Gogo nene hukawia kukauka, na likishika moto hukawia kuzimika. Moto upitao chini katika nyasi fupi, mara nyingi watu wenye matawi mabichi huweza kuupiga ukafa. Hatari huja pale nyasi ndefu zinapogusa vichaka, vichaka vikagusa matawi makavu ya chini, na matawi hayo yakafika vileleni. Hapo moto umepewa ngazi. Ukishapanda juu, hapana mtu awezaye kuukaribia, na upepo hubeba cheche hata ng'ambo ya barabara. Mlimani ni vibaya zaidi, kwa kuwa hewa yenye joto hupanda na kuikausha mimea ya juu kabla ndimi za moto hazijafika.

Basi, katika misitu ya kupandwa ya saipresi na misonobari, kazi ya bwana misitu ni kuiondoa ngazi hiyo.

Kwanza, hupogoa matawi ya chini miti ingali michanga. Pili, hupunguza miti iliyosongamana. Miti mingi mno mahali padogo hunyimana maji na mwanga. Iliyo dhaifu hufa ikiwa imesimama, na mti mkavu uliosimama ni kuni iliyo tayari. Miti inayobaki hunenepa na kupata nguvu ya kushindana na magonjwa na wadudu. Jambo hili si dogo, kwani mwaka 1990 vidukari wafyonzao utomvu wa saipresi walionekana Kenya kwa mara ya kwanza, wakaharibu miti mingi. Afya ya msitu na kinga ya moto ni kazi moja.

Tatu, huondoa mabaki. Matawi yaliyokatwa yakiachwa chini ya miti, chakula cha moto hakikupungua, kimehamishwa tu. Hapo wanavijiji wenye ruhusa ya kuokota kuni husaidia sana. Nne, husafisha barabara za kuzuia moto mpaka udongo uonekane. Barabara hiyo haizuii kila cheche, lakini huwapa wazima moto mahali pa kusimama. Isafishwe kabla ya Januari. Ikisafishwa moshi ukiwa umekwisha kuonekana, ni kuchelewa.

Wakulima na wafugaji pia wana sehemu yao. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wakulima wameruhusiwa, kwa nyakati mbalimbali, kulima mahindi na viazi kati ya miche ya serikali, na palizi yao huondoa nyasi. Ng'ombe walishwao kwa kibali katika miti iliyokwisha kukua hufanya kazi hiyo hiyo. Lakini mpango huu hufaa ukisimamiwa vema. Shamba likiingia katika msitu wa asili, au mifugo katika miche michanga, dawa hugeuka sumu.

Nchi ya Marekani ilijifunza habari hizi kwa gharama kubwa. Mwaka 1910 moto uliunguza zaidi ya hekta milioni 1 katika Idaho na Montana na sehemu za jirani. Kwa hofu hiyo, mwaka 1935 idara ya misitu iliamuru kila moto uzimwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili. Lakini katika misonobari ya nchi kavu za magharibi, moto mdogo wa chini ulikuwa ukipita kila baada ya miaka michache na kufagia takataka. Ulipozuiwa, takataka zikarundikana, na moto uliokuja baadaye ukawa mkali kupita kiasi. Sasa wataalamu huko hupunguza miti, tena huchoma nyasi kwa mpango wakati wa baridi na unyevu.

Hata hivyo, mtu asichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kuchoma. Msitu wa asili wa mitarakwa na miti mingine ya milimani si sawa na misonobari hiyo. Moto ukiingia huua miti iliyokua miaka mingi sana. Hapo magogo yaozayo huachwa, kwani hulisha udongo na kushika maji, na kazi kubwa ni kulinda kingo za msitu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 yakataza kuwasha moto msituni pasipo ruhusa.

Mito ya Aberdare hujaza mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayopeleka maji Nairobi, na maji ya Mlima Kenya huingia mto Tana unaozungusha mitambo ya umeme. Msitu ukiungua, hasara humfikia hata yule asiyepata kuuona. Kwa hiyo kila chama cha jamii cha misitu yafaa kikague mpaka wake mvua ingali ikinyesha, kwa maana nguvu za moto wa Februari huandaliwa mwezi wa Novemba.