Keki ya Nanasi na Nazi kwa Siku za Joto

Katika miezi ya joto, tangu Desemba hata Machi, ni nani apendaye kukaa karibu na jiko? Lakini Krismasi haingoji baridi, wala ubatizo wa mtoto. Wageni watakuja, na hapana budi wapate kitu kitamu. Basi leo tuoke keki inayofaa joto la Dar es Salaam.

Asili yake ni kinywaji. Katika kisiwa cha Puerto Rico, huko bahari ya Karibi, watu huchanganya maji ya nanasi, tui zito lenye sukari na ramu, yaani pombe kali ya miwa. Jina lake ni piña colada. Husimuliwa ya kuwa Ramón Marrero alikitengeneza mwaka 1954 katika hoteli ya Caribe Hilton, mjini San Juan. Waokaji wa ng'ambo wamekigeuza kuwa keki, nao huitia ramu.

Sisi ramu tutaiacha. Kwa nini? Zifikirie nyumba zetu za Temeke na Kinondoni: vyumba sita, ua mmoja. Chumba hiki Wakristo, cha pili Waislamu, na labda cha tatu yumo baba aliyeacha ulevi kwa taabu nyingi, ambaye bado anapigana nao kila jioni. Keki ikiiva, harufu huingia vyumba vyote, na sahani hupita kwa wote. Wengine husema moto humaliza pombe yote. Si kweli. Hata baada ya nusu saa motoni sehemu yake hubaki. Na ile imwagwayo juu ya keki iliyokwisha kuiva hubaki karibu yote. Jirani alaye bila kujua amedanganywa mezani pako. Mtume Paulo aliwaonya Warumi wasimkwaze ndugu kwa chakula wala kwa divai. Nanasi na nazi vyatosha kwa utamu.

Twaa unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe 1, siagi gramu 200, mayai 4, baking pauda vijiko vya chai 3, chumvi kidogo, nazi 1, nanasi 1 lililoiva vizuri, ndimu 1 na iliki.

Kuna nazi, ukamue tui zito robo tatu ya kikombe. Machicha usiyatupe, kaanga nusu kikombe bila mafuta mpaka yageuke rangi. Nusu ya nanasi ikate vipande vidogo sana, uvipike mpaka maji yakauke. Nusu ya pili ikamue maji.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe laini na nyeupe. Tia mayai, moja moja. Changanya unga, baking pauda, chumvi na iliki, uvitie kidogo kidogo pamoja na tui. Mwisho tia nanasi lililopoa na machicha.

Asiye na oveni asihuzunike. Weka mchanga mkavu katika sufuria kubwa, uupashe moto uani robo saa. Tia chombo cha keki kilichopakwa siagi, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko. Ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 45 choma kwa kijiti. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na unga, funika tena.

Chemsha maji ya nanasi na vijiko vikubwa 4 vya sukari kwa dakika 5, ukamulie ndimu. Toboa keki kwa kijiti, uimwagie ingali moto. Usiipambe kwa krimu ya siagi. Joto litaiyeyusha kabla wageni hawajaketi. Nayo iliwe siku ile ile, kwa maana kitu cha nazi huchacha upesi.

Kisha kata vipande kwa hesabu ya vyumba, si ya watoto wako tu. Watakapouliza umetia nini, utawajibu wote bila kuficha neno.