Uso Unaochonyota: Kutafuta Mafuta Yatakayoelewana na Ngozi Yako

Siku kumi na tisa kabla ya harusi yake, mtoto wa kakangu alinijia nyumbani amejifunika mtandio mpaka machoni. Nilidhani ni haya za bi harusi. Alipoufungua nikaona mashavu yamevimba, yana rangi ya zambarau iliyoiva, na pembeni mwa pua ngozi inabambuka kama ganda la kitunguu.

"Shangazi," akaniambia, "hata maji yakinigusa yanachonyota." Kisha akaniuliza kama kuna krimu yoyote ninayoijua ya kumtuliza, kwa sababu alizonazo ameshazijaribu zote.

Nilimwambia alete mfuko mzima, tukauweka juu ya meza. Mlikuwa na vitu saba: losheni mbili za uso, sabuni ya manjano, kopo la singo alilotengenezewa na jirani, chupa ya mafuta ya habasoda, ndimu tatu, na kikopo cheupe kisicho na jina la kiwanda, alichouziwa sokoni kwa ahadi kwamba uso utang'ara kwa wiki moja. Vyote hivyo alikuwa anavitumia kwa pamoja.

Naandika haya kwa idhini yake, kwa sababu kila nikikaa barazani na wanawake wenzangu nasikia maneno yale yale: ngozi yangu haitaki kitu, nikipaka hiki nawashwa, nikipaka kile natoka vipele. Halafu anayesema hivyo ndiye mwenye kabati lililojaa chupa kuliko sisi wote.

Ngozi ya uso naifananisha na ukuta wa nyumba ya Mji wa Kale. Mawe ni zile seli za juu, na chokaa inayoyashika ni mafuta ya asili ya ngozi: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Chokaa ikiwa nzima, maji ya ndani hayatoki ovyo na vya nje haviingii. Ikimomonyoka, ngozi hukauka na kukaza, na kila kinachopakwa hupenya mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Ndipo hata maji ya mfereji yanapochonyota. Wako waliozaliwa na chokaa dhaifu, hasa wenye ukurutu au pumu katika ukoo wao. Lakini wengi wetu tumejikwangua wenyewe.

Sabuni ni mkwanguo wa kwanza. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5. Sabuni ya kipande ya kawaida huwa na pH ya 9 au 10. Ukiosha uso kwa sabuni mara nne kwa siku kwa kuwa kuna joto, unaiondoa chokaa kila ukiosha. Na sisi tunaotumia maji ya kisima tuna mzigo wa ziada, kwani madini yaliyomo kwenye maji magumu hushikana na sabuni, yakaacha utando usoni hata baada ya kusuuza.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya wazungu havikuandikiwa sisi. Vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, wekundu mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliozidi, zambarau au kijivu, au hutaona kitu kabisa ila utahisi moto na mwasho. Ukingoja wekundu utachelewa. Na kuchelewa kwetu kuna gharama, kwa sababu ngozi yenye rangi ikiwaka huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza niliyompa binti yangu haikuwa krimu. Nilimwambia aache vyote saba. Uso aoshe kwa maji yasiyo moto, jioni tu, bila sabuni, akaushe kwa kubonyeza kitambaa badala ya kusugua, kisha apake utando mwembamba wa vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Alinitazama kama niliyemtukana. Alikuja kutafuta krimu nzuri, mimi nampa kitu alichopakwa na nyanyake alipokuwa mtoto.

Lakini vaselini si kitu cha kudharau. Robert Chesebrough aliiandikishia hataza Marekani mwaka 1872, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachoishinda kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, na ni nadra sana mtu kupata mzio kwayo. Sharti iwe ile tupu isiyonukia. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya watoto zimetiwa manukato, nami sijui ni nani aliyeamua kwamba mtoto mchanga anahitaji manukato. Ubaya wake ni joto. Mchana wa kaskazi hapa Mombasa, vaselini usoni hukufanya ujione umekaangwa, na mwenye chunusi huenda asiipende. Ifaa usiku, au kwa siku chache za kutuliza.

Kwa matumizi ya kila siku ndipo tunapotafuta krimu au losheni, na hapo inafaa kujua kwamba mafuta ya kulainisha ngozi hufanya kazi za aina tatu. Yako yanayovuta maji, mfano glisirini, asidi ya hailuroni na yurea. Yako yanayojaza nyufa kati ya mawe, kama seramidi na mafuta laini. Na yako yanayofunika juu, kama vaselini na dimethikoni. Krimu nzuri huchanganya zote. Anayetoka jasho sana atafute losheni nyepesi au jeli yenye glisirini, na mwenye ngozi kavu achukue krimu nzito yenye seramidi. Yurea ni nzuri kwa visigino, lakini kwenye uso uliokwisha kuumia huchonyota, kwa hiyo iache kwanza. Glisirini ya chupa, ile ya bei rahisi, usipake peke yake ikiwa nzito; matone mawili matatu kwenye kiganja chenye maji yanatosha.

Tahadhari pia na ile krimu nyeupe ya majimaji iitwayo aqueous cream, ambayo madukani huuzwa rahisi na mara nyingi hupendekezwa kwa ukurutu. Nyingi zina sodium lauryl sulfate, kemikali ya kutoa povu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba ikiachwa juu ya ngozi inaweza kuchoma na kuwasha, hasa kwa watoto wenye ukurutu.

Sasa nije kwenye harufu, na hapa najua nitagombana na watu. Sisi wa pwani ni watu wa kunukia. Tuna udi, marashi, asumini, mkadi na vikuba, na bi harusi asiyenukia atasemwa mpaka Lamu. Lakini manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi, na haijalishi kama yametoka kiwandani au kwenye ua. Liwa yenyewe ni msandali, na msandali una watu unaowadhuru. Mimi sisemi tuache kunukia. Nguo zipo na chetezo kipo. Uso uachwe.

Kwenye kibandiko tafuta neno «parfum» au «fragrance». Ukiliona, rudisha chupa rafuni. Tazama pia linalool, limonene na geraniol, ambazo ni harufu zilizoandikwa kwa majina yake. Na usidanganyike: kilichoandikwa «unscented» kinaweza kuwa kimetiwa harufu ya kuficha harufu nyingine, ilhali «fragrance-free» maana yake hakikutiwa. Neno jingine la kukumbuka ni methylisothiazolinone, kihifadhio kilicholeta mzio kwa watu wengi hivi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku, kuanzia 2017, kwenye vipodozi vinavyoachwa juu ya ngozi. Parabeni, ambazo watu huzikimbia kwa sababu ya maneno ya mitandaoni, hazina tabia hiyo: American Contact Dermatitis Society, chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi, mwaka 2019 kilizitangaza kuwa si kisababishi cha mzio cha kuogopwa.

Neno «hypoallergenic» lisikutoe pesa. FDA ya Marekani ilitoa kanuni mwaka 1975 ya kuyataka makampuni yathibitishe dai hilo. Almay na Clinique wakaenda mahakamani, na mwaka 1977 kanuni ikabatilishwa. Neno likabaki, uthibitisho ukaondoka.

Na mafuta yetu ya nyumbani je? Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa safi huwasaidia wengi wenye ngozi kavu, lakini huziba vinyweleo, na mwenye chunusi atajuta. Mafuta ya zaituni, ambayo tunayapenda na yana heshima yake, yana asidi ya oleiki kwa wingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 uliona yanadhoofisha ule ukuta wa ngozi, ilhali ya alizeti hayakuudhuru. Habasoda ikipakwa imewahi kuwatoa watu malengelenge. Manjano hayana ubaya mkubwa, ila kuyasugua kwenye singo juu ya uso uliobambuka ni kutia chumvi kwenye kidonda. Mbaya zaidi ni ndimu. Maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza kwelikweli na kuacha mabaka meusi. Binti yangu alikuwa akipaka ndimu asubuhi, kisha anapanda feri ya Likoni na jua la saa mbili.

Kikopo cheupe ndicho kilichonitia hofu. Vikopo vya aina hii vingi huwa na mojawapo ya vitu vitatu: hidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama clobetasol. Hapa Kenya vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku, lakini marufuku haijawahi kuwatoa sokoni. Zebaki hudhuru figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto tumboni. Chini ya Mkataba wa Minamata, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo 2025. Dalili moja ya kuitambua: ukisoma maelezo yanayokwambia usiguse dhahabu wala fedha baada ya kupaka, kitupe. Steroidi nayo huanza kwa kukupendeza. Uso hutulia na kung'aa, halafu ukiacha unawaka kuliko mwanzo, nawe unarudi kwenye kikopo ukidhani ndicho kinachokutibu. Ndiyo maana nilimpeleka kwa daktari kesho yake. Aliyemwona alishuku steroidi, na kwa kuwa alikuwa amekipaka siku tisa tu, akamwambia aache moja kwa moja. Aliyetumia kwa miezi asijiachishe mwenyewe; amwone daktari ampangie.

Tulipochagua krimu mpya, ya famasi, isiyo na harufu, yenye glisirini na seramidi, hakuipaka usoni. Ilianza ndani ya kiwiko, sehemu ya ukubwa wa shilingi, asubuhi na jioni kwa siku saba, wakati uso bado unapumzika na vaselini yake. Watu hujaribu mara moja, wakiona kimya wanapaka uso mzima. Mzio wa kweli huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Siku saba zikapita salama, akahamia chini ya taya karibu na sikio kwa siku tatu, ndipo akapaka uso. Kitu kimoja tu kipya kwa wakati mmoja, ili kikileta balaa ujue ni nani wa kulaumu.

Baada ya hapo nilimwongezea kinga ya jua peke yake, ile yenye zinki oksidi, kwa kuwa haichomi kama nyingine. Huacha weupe kwenye ngozi yetu, ndiyo. Iliyotiwa rangi ya udongo hupunguza aibu hiyo, na pia husaidia madoa yasikolee.

Kama uso wako umevimba macho, unatoa maji, umetoka malengelenge, au haujatulia wiki mbili baada ya kuacha kila kitu, usiendelee kubadilisha krimu. Huenda ni rosasia, ukurutu au fangasi, na kila kimoja kina tiba yake. Na waliowahi kutoka malengelenge kwa piko wawaambie wapambaji wao mapema, maana kemikali ile ile hukaa kwenye rangi nyingi za nywele.

Harusi ilifanyika siku yake. Mashavu yalikuwa yametulia lakini madoa hayakwisha, na hayakuwa yameisha hata miezi minne baadaye. Vipodozi vya siku ile vilijaribiwa nyuma ya sikio wiki nzima kabla, na mpambaji alinung'unika sana kuniletea kopo lake. Kile kikopo cheupe sikukitupa kwenye jaa wala kukichoma moto, kwani zebaki ikichomwa inageuka mvuke. Kimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kipo juu ya kabati langu, nami bado natafuta ofisi itakayonipokelea.