Damu ya Mzee kwenye Jani Changa

Neno vuli lina maana mbili. Kwa mkulima wa Tanga ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Katika vitabu vya shule ni majira ya Ulaya, majani yanapobadilika rangi na kupukutika. Lilongwe, Malawi, haina vuli ya aina yoyote kati ya hizo: mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Lakini panda minibasi mwezi Septemba kutoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa iliyofunguliwa mwaka 1994, ushuke nayo hadi mtaa wa Area 25. Dirishani utaona miti yenye rangi ya shaba, ya chungwa, hata ya damu ya mzee. Mtumie picha ndugu aliyehamia Kanada, naye atauliza: kumbe na huko kuna vuli?

Rangi ni zilezile, ila zinakwenda kinyume. Kule, siku zikifupika na baridi ikianza, mti huvunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha virutubisho vyake shinani. Njano iliyokuwa imefunikwa hujitokeza, na katika miti mingine wekundu uitwao anthosiani hutengenezwa upya. Jani linaaga.

Huku kwetu jani ndiyo kwanza linabisha hodi. Miti ya miombo, jamii za Brachystegia na Julbernardia ambazo aliyekulia Lubumbashi anazifahamu vizuri, huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua, kwa maji yaliyohifadhiwa shinani na yanayovutwa na mizizi mirefu. Jani changa bado halijajaza klorofili, lakini limejaa anthosiani. Ni rangi ya aina ileile inayowekundisha juisi ya rozela. Kwa nini? Wanasayansi bado wanabishana. Wapo wanaosema ni mwavuli wa kulikinga na jua kali. Wengine, ni njia ya kuwafukuza wadudu wanaopenda majani laini. Wiki chache baadaye mti mzima ni kijani.

Sehemu kubwa ya miombo ya Dowa imeishia kwenye kuni, mkaa na mashamba. Vichaka vilivyobaki mara nyingi ni manda, makaburi ya vijiji vya Wachewa, ambako kukata mti ni mwiko. Wacheza ngoma ya Gule Wamkulu nao hujiandalia huko. Usiingie na simu yako bila ruhusa ya mfumu, chifu wa kijiji. Piga picha kutoka barabarani.

Nenda alfajiri. Usisimame jua likiwa mgongoni mwako, maana ngozi ya jani hung'aa na kuficha rangi. Zunguka hadi jani liwe kati yako na jua: mwanga ukipenya, mishipa yake itaonekana mmoja mmoja kama ya sikio la sungura. Simu nyingi huona wekundu mwingi kama kosa na kuupooza, kwa hiyo chagua alama ya jua kwenye mpangilio wa rangi. Kisha gusa jani kwenye kioo na uteremshe kidole kupunguza mwanga. Jioni, moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hutawanya mwanga wa buluu, na jua huzama jekundu. Hapo piga mti kama kivuli tu.

Tazama pia juu ya nyaya za umeme. Kuanzia Septemba mbayuwayu huwasili kutoka Ulaya, wakiikimbia ile vuli yenyewe. Chozi nao hupitapita kwenye maua, wepesi kuliko kidole chako. Lenga ua, umsubiri aje.

Baada ya wiki tatu rudi kwenye mti uleule, usimame palepale, upige tena. Mwombe ndugu wa Kanada afanye hivyo na mti wa mtaani kwake, kisha mbadilishane picha. Zake zitaanza na kijani ziishie na wekundu. Zako zisome kutoka upande wa pili.