Maumivu Sugu na Lugha ya Mgonjwa mbele ya Mtaalamu

Sugu ni ile ngozi iliyofanya ugumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, mathalani kiganjani mwa mlimaji au kwenye kisigino cha anayetembea pekupeku. Ngozi hiyo hupungukiwa na hisi. Istilahi maumivu sugu, basi, ina mtego ndani yake. Anayeisikia aweza kudhani kwamba mtu aliyeumwa na mgongo kwa miaka mitano amekwisha kuyazoea maumivu yake, kama kiganja kinavyolizoea jembe. Elimu ya tiba inaonyesha kinyume cha hayo.

Maumivu ya kawaida ni mlinzi. Anayekanyaga mwiba huinua mguu kabla hajatafakari, na kidonda kinapopona, mlinzi hulala. Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka wa 2022, imeyatengea fungu lake, na katika fungu hilo yamo maumivu yanayohesabiwa kuwa maradhi yanayojitegemea wala si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Neva zilizopokea habari za maumivu kwa muda mrefu zaweza kuwa nyepesi mno kuhisi, hata mguso mdogo ukageuka pigo. Kuna mgonjwa wa kisukari asiyestahimili uzito wa shuka juu ya nyayo zake.

Mwaka wa 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyobadilisha fikra kuhusu jambo hili. Walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna mfano wa lango linalozuia au kupitisha habari za maumivu, na kwamba ubongo wenyewe huchangia kulifungua na kulifunga. Maelezo kadhaa ya nadharia hiyo yalirekebishwa baadaye, ila wazo lake la msingi limesalia. Ndiyo sababu hofu, msiba na kukosa usingizi huzidisha maumivu, na mgonjwa haigizi.

Mwanafunzi wa sintaksia ana njia yake ya kuliona suala hili. Katika sentensi Mguu unaniuma, mguu ndio kiima, nao ndio unaopewa lawama. Anayeteseka amebanwa katikati ya kitenzi kwa silabi moja tu, -ni-. Kwa jeraha jipya, sarufi hiyo yalingana na mambo yalivyo. Sasa na achukuliwe mtu aliyekatwa mguu chini ya goti, ambaye vidole vya mguu huo huo vingali vinamuuma. Hali hii inajulikana vyema hospitalini. Kiima hakipo tena duniani, lakini yambwa ingali pale pale, inaumwa. Mtaalamu wa maumivu sugu hulazimika kuuacha mguu kando na kuichunguza -ni-: mfumo wa neva wa mtu huyo pamoja na usingizi wake, kazi yake na jamaa zake.

Katika uchunguzi huo hakuna kipimo cha damu kiwezacho kusema maumivu ni makali kiasi gani. Chombo kikuu ni maneno ya mgonjwa. Mwaka wa 1975 Melzack, aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya kuelezea maumivu, yaliyopangwa katika makundi 20. Kiswahili nacho si maskini katika uwanja huu. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota, koo hukereketa, kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota, nyayo huwaka moto. Tofauti hizi si mapambo. Kuwaka moto, kuchomachoma kama sindano na kufa ganzi huashiria kwamba huenda neva zenyewe zimeathirika, na maumivu ya aina hiyo hayasikii sana parasetamoli. Hutibiwa kwa dawa zilizotengenezwa awali kwa ajili ya sonona au kifafa, kama vile amitriptilini na gabapentini. Mkalimani anayeambiwa "nyayo zinaniwaka moto usiku", kisha akamfikishia daktari mgeni kwamba miguu inauma, amepoteza habari ambayo ingemwelekeza daktari kwenye dawa ifaayo. Laiti kozi za ukalimani zingetenga japo wiki moja kwa ajili ya wodi!

Maelezo yanahitajika upande wa pili pia. Mgonjwa anayeandikiwa dawa ya sonona bila kuelezwa hudhani ameonekana mwendawazimu, naye huitupa. Hurudi kwenye vidonge vya dukani, na ibuprofeni inayomezwa kila siku bila uangalizi yaweza kumletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Utaratibu wa kumkusanyia mgonjwa mmoja wataalamu kadhaa ulitetewa na John Bonica, daktari wa nusukaputi wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake kikubwa kuhusu tiba ya maumivu mwaka wa 1953. Daktari hupanga dawa na, inapobidi, hudunga sindano ya kuzuia neva. Mwanasaikolojia hushughulikia hofu na usingizi. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mwenye kazi ngumu, kwani humkuta mgonjwa ambaye siku ya nafuu hufua nguo zote za nyumbani, kisha akalala siku tatu. Humfundisha kugawa kazi na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Lengo mara nyingi si kuyafuta maumivu kabisa, bali kumrudisha mtu shambani, darasani au jikoni.

Mofini ina mahali pake. Katika vituo kama Nairobi Hospice, kilichoanzishwa mwaka wa 1990, wagonjwa wa saratani hupata nafuu kwayo chini ya uangalizi, na kuwanyima kwa kuhofia uraibu ni ukatili. Kwa maumivu ya mgongo ya miaka mingi, wataalamu huwa waangalifu zaidi, kwa kuwa manufaa yake ni haba na hatari ni nyingi.

Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa "jikaze" na kila mtu hufika kliniki akiwa amejifunza kunyamaza. Hivyo baadhi ya wataalamu humtaka aandike daftari la siku. Humo, huniuma na iliniuma nilipoinama ni habari mbili tofauti: ya kwanza ni mazoea, ya pili ina chanzo kinachoweza kufuatwa.